Mwalimu Ambaye Hakuhesabu Watoto

Aproni yake ilikuwa na mifuko miwili mikubwa, na yote miwili ilikuwa mizito kila wakati. Ukimkumbatia kumsalimia, ulisikia vitu vikigongana ndani: mbegu za parachichi, vifuniko vya soda, maganda ya makadamia, vijiti alivyovikata kwa kisu cha jikoni. Jumapili moja alisahau kuivua akaja nayo kanisani, na alipopiga magoti kuomba, mbegu zikamwagika, zikaviringika hadi miguuni pa mchungaji. Watoto wa nasari wakatoka kwenye mabenchi ya mama zao kwenda kuziokota, wakazipanga pale pale mbele ya madhabahu, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Mchungaji alisubiri wamalize. Angefanya nini?

Tulimwita Mwalimu wa Nasari, na sioni haja ya kumwita jina lingine hapa. Nasari yenyewe ilikuwa ndani ya kanisa hilo hilo, upande wa Karurumo, kando ya shule ya msingi ambako mimi nilifundisha darasa la kwanza maisha yangu yote ya kazi. Kati yetu kulikuwa na ua wa michongoma wenye tundu ambalo kuku na watoto walipitia. Jumatatu asubuhi aliyasukuma mabenchi ukutani, na sakafu ikawa yake hadi Ijumaa.

Mimi ni mtu wa chaki. Nilifundishwa kwa chaki na nimefundisha kwa chaki, kwa hiyo siku ya kwanza nilipochungulia dirishani nikamwona mwanamke mzima akitambaa sakafuni na kulia kama mbuzi, huku watoto wakimswaga kuingia kwenye zizi la mabenchi, nilidhani kanisa limeajiri mgonjwa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyonipasa. Walikuwa na zizi la mbuzi wakubwa na zizi la mbuzi wadogo, na kulikuwa na kijana mmoja mnene aliyekuwa akibishana na wenzake kwamba yeye si mdogo wala si mkubwa. Mwalimu alisimamisha mchezo wote. Wakajenga zizi la tatu.

Hakuwa na ubao wala michoro ukutani. Alikuwa na uteo wa maharagwe yaliyochanganywa na njahi, kunde na mbaazi, na kila asubuhi watoto waliuzunguka wakichambua kama wanawake wanaojiandaa kwa harusi. Kila aina na kikombe chake. Hakuwauliza ni ngapi. Aliwauliza, “Wapi kuna nyingi? Wapi kuna kidogo? Na ukitaka hizi zilingane na zile, utafanya nini?” Mtoto angehamisha punje, angetazama, angeirudisha, angejikuna kichwa. Mwalimu hakumsaidia. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, akiziba tundu la sweta ya mtoto wa mtu.

“Si umwambie tu?” nilimwuliza siku moja. Nilikuwa nimekuja kuazima ufagio na uvumilivu ulikuwa umeniisha kwa niaba ya yule mtoto.

“Mwache apotee kidogo,” alisema bila kuinua macho. “Kesho akipita hapo atapajua.”

Somo lake kubwa lilikuwa saa nne, wakati wa uji. Mtoto mmoja aligawa vikombe, kila mtu na chake. Wakati mwingine Mwalimu alificha kikombe kimoja chini ya aproni makusudi, kisha akakaa akitazama sura ya yule mgawaji alipofika kwa mtu wa mwisho mikono mitupu. “Haya,” angesema, “vikombe ni pungufu ama watu ndio zaidi?” Uji unapoa, na uji ukipoa hata mtoto mzembe hufikiri haraka. Wengine walilia. Wengine walianza upya tangu mwanzo. Msichana mmoja, nakumbuka, alikwenda moja kwa moja akamfunua aproni.

Nje kulikuwa na mchanga na makopo ya mafuta ya kupikia ya kila ukubwa. Watoto walibishana kopo dogo litaingia mara ngapi katika kopo kubwa, kisha wakamimina wajue nani mwongo. Msimu wa kahawa waliokota matunda yaliyoanguka, wakayapanga safu, jekundu, kijani, jekundu, kijani, mpaka safu ikatoka mlangoni ikaelekea kwangu. Na sifuri aliwafundisha kwa ndizi. Kila mtoto alipewa ndizi moja mbivu akaambiwa aile. “Nionyesheni mikono. Mna ngapi sasa?” Wakasema hakuna. “Hiyo hakuna ina jina lake,” akawaambia, na akawatajia. Kwa wiki nzima watoto wa Karurumo walikuwa wakirudi nyumbani kuwaambia mama zao kwamba sufuria ina sifuri.

Nisimfanye malaika. Kwa watoto alikuwa na subira isiyoisha, lakini kwetu watu wazima hakuwa na hata tone. Ukichelewa kwenye mazoezi ya kwaya alikupokea kwa maneno ambayo hayafai kanisani. Alifundisha vipimo mwaka mzima, lakini mboga zake zilikuwa chumvi tupu, na mtu asingethubutu kumwambia. Na alikuwa na kiburi kuhusu kazi yake. Mara moja baba mmoja alikuja amekasirika. Mtoto wake alikuwa akirudi nyumbani na vumbi kichwani, na ilikuwa karibu mwezi wa nane.

“Mwalimu, huyu nilimleta asome ama acheze?” alimwuliza. “Wa jirani anaandika mpaka hamsini. Wangu hata moja hajui kuandika. Na Januari ataulizwa maswali ya kuingia darasa la kwanza.”

“Anajua moja ni nini,” alisema Mwalimu. “Mpe hadi Desemba.”

Hakumpa hadi Desemba. Jumatatu iliyofuata mtoto alikuwa katika nasari nyingine, ng'ambo ya mto, akiandika. Mwalimu hakuongea naye yule baba tena mpaka baba huyo alipokufa. Nami nilikuwa mtu wa kuwapokea watoto wa nasari zote mbili, na ukweli ni kwamba wake walinisumbua: kalamu walishika kama mwiko wa ugali, na waliniuliza maswali. Lakini nikisema gaweni chaki hizi zitoshe kila dawati, ndio waliosimama.

Kitu kingine alichokidharau ni hofu za kijinga. Bundi alipotua juu ya paa la jirani yetu, watu walikusanyika, wengine wakaanza kuomba. Mwalimu wa Nasari alipita katikati yao, akaokota kigunzi cha mahindi, akamtupia. “Ndege anatafuta panya,” akasema, “na nyinyi mnatafuta sababu ya kutokwenda shambani.” Mpaka leo nikisikia bundi namkumbuka, na usingizi unarudi.

Lakini mwanamke huyu ambaye hakuogopa bundi hakuhesabu watoto.

Kwetu Embu wazee hawahesabu watu wala mifugo. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi, atakwambia wapo, ama atakutajia majina, lakini namba haitoki mdomoni. Kuwahesabu ni kama kumwonyesha mwizi zizi lilipo. Wengi wetu tuliosoma na kubatizwa tulikuwa tumelegeza kidogo. Tulitaja namba hospitalini daktari akiuliza, halafu tukaondoka roho haijatulia. Yeye hakulegeza hata kidogo. Aliweza kuhesabu punje, makopo, majani, hatua za kuruka kamba, nyota kama ungempa muda. Mtoto hakumhesabu. Hata kidole hakumnyooshea. Akitaka kukuonyesha mtoto aliinua kidevu upande wake.

Sababu yake niliijua kwa sababu alinieleza mwenyewe, mchana mmoja tukipukuchua mahindi uani kwake. Miaka ya mwanzo ya uhuru, alipokuwa bado mama kijana, kulikuja sensa. Kijana mwenye shati safi alisimama mlangoni pake akamwuliza ana watoto wangapi.

“Nikamwambia wapo wa kutosha,” alisema. “Akacheka. Akaniambia, mama, serikali haiwezi kuandika wa kutosha. Shule itajengwa kwa namba gani? Hospitali itajengwa kwa namba gani?” Alitupa kigunzi kwenye lundo. “Nikaona haya, Mwalimu mwenzangu. Sikutaka aseme mimi ni mtu wa zamani. Nikamwambia wanne.”

Kijana alishukuru, akaandika alama kwa chaki mlangoni kuonyesha kwamba nyumba ile imeshahesabiwa. Chaki ilikuwa haijafutika wakati Wawira, kifungua mimba wake, aliposhikwa na homa. Baba yake alimbeba mgongoni kumpeleka hospitali ya Runyenjes. Njiani akamwita mara mbili, mara ya tatu hakuitika.

“Ile chaki niliifuta kwa mate,” alisema. “Sikuwa na nguvu ya kwenda kuchota maji.”

Nilimwambia jambo ambalo mtu yeyote angelisema, kwamba ilikuwa malaria, na kwamba mlango ule uliandikwa sawa na milango yote ya Karurumo.

“Najua ni malaria,” alisema. “Nimesema ni chaki?”

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nikaendelea kupukuchua. Walibaki Njiru, Igoki na Nyaga, na miaka yote ya ujirani wetu sikuwahi kumsikia akisema ni watatu.

Basi nasari ikawa na utaratibu wake. Mlangoni kulikuwa na rundo la mawe madogo ya mtoni, na kopo limening'inizwa kwa waya. Mtoto akiingia asubuhi anaokota jiwe lake anatia koponi. Akienda nyumbani analitoa analirudisha kwenye rundo. Kopo likiwa tupu, watoto wote wameondoka, na Mwalimu anafunga. Hakuna aliyehesabiwa, na hakuna aliyepotea. Ilikuwa hesabu safi kabisa, nami nilimsifu, ingawa ndani yangu nilikereka. Mwanamke mwenye akili ya kutengeneza kitu kama kile, alihitaji kukitengeneza kwa sababu ya kuogopa namba. Kwenye kikundi chetu cha akina mama kanisani niliomba, kwa sauti, bila kumtaja, lakini kila mtu alijua: Bwana, umfungue dada yetu na hofu yake.

Miaka ilipita, watoto wakaingia na kutoka, kopo likajaa na kuisha. Kisha wakaja ndugu wawili, Mbogo na Mugendi. Mbogo alikuwa na kama miaka sita, Mugendi ndiyo kwanza ameacha kubebwa. Nyumbani kwao Mbogo alikuwa amefundishwa vizuri: mdogo wako ni wako. Alimbebea kikombe, alimvua sweta, alimfuta kamasi. Na Alhamisi moja, wakati wa kwenda nyumbani, alimtolea jiwe pia. Alitia mkono koponi, akatoa lake na la mdogo wake, akayarudisha yote mawili. Halafu wenzake wakamwita kuona ng'ombe aliyezaa kwa jirani, akakimbia.

Mugendi alikuwa amelala nyuma ya mabenchi. Mwalimu alitazama kopo likiwa tupu, akafunga mlango, akaenda.

Mtoto aliamka kanisani peke yake. Jua lilikuwa bado halijatua mama yake alipokuja akikimbia, na sisi majirani tukamfuata, na yule mtoto tulimsikia kabla hatujafika. Alikuwa amepanda benchi akapiga dirisha kwa mkono. Kioo kilimchana kuanzia kiganja mpaka karibu na kiwiko. Mwalimu wa Nasari ndiye aliyefungua mlango, kwa sababu ndiye aliyekuwa na ufunguo, na ufunguo ulimwanguka mara mbili. Alimfunga mkono kwa aproni yake. Mbegu zilimwagika sakafuni na hakuna aliyeziokota.

Mugendi alipona. Mbogo alichapwa, jambo ambalo Mwalimu alikwenda kulizuia akachelewa.

Wiki iliyofuata alikuja ofisa wa elimu kutoka Embu mjini, kijana mpole, hakuwa mtu wa kelele. Aliongea naye kwa Kiswahili kwa sababu hakuwa mtu wa kwetu. Niliitwa kama shahidi wa upande wa shule.

“Mama, mimi sikuja kufunga nasari yako,” alisema. “Watu wamenisifia wewe sana. Naomba kitu kimoja. Asubuhi uhesabu watoto. Na mbele ya kufunga mlango, uhesabu tena.”

“Nitaweka kopo karibu na mimi,” alisema Mwalimu.

“Kopo lilikuwa karibu hata siku ile.”

Mwalimu aligeuka akalitazama lile kopo.

“Hesabu watoto wenyewe, mama. Si mawe.”

“Na nikishindwa?”

Kijana alitazama chini. “Basi kanisa litatafuta mwingine. Sipendi kusema hivyo. Lakini yule mtoto alikuwa ndani anatokwa na damu, na wewe umeenda nyumbani.”

Siwezi kumlaumu yule ofisa. Nimejaribu. Alikuwa amesema kweli yote, na aliisema kwa heshima.

Nilimfuata Mwalimu hadi kwake nikamwambia nitapita tunduni kila asubuhi na kila saa za kufunga, niwahesabu mimi. Mimi sikuwa na hofu ile, na dakika mbili hazingeniua. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

“Wewe huna watoto?” alisema. “Mkono unaohesabu ndio utakaoulizwa. Nikupe wewe mzigo huo?”

Jumatatu aliwapanga watoto mstari. Nilisimama upande wangu wa ua nikasikiliza. Aligusa kila kichwa, na kila alipogusa alitaja namba kwa sauti ya chini ambayo iliendelea kushuka, hata namba za mwisho hazikusikika. Alihesabu kwa Kiswahili. Yeye, ambaye watoto wale aliwafundisha kila kitu kwa Kiembu kwanza, mara hii alihesabu kwa Kiswahili.

“Kwa nini?” nilimwuliza saa za uji.

“Kiswahili tulikijulia shuleni,” alisema. “Hicho kinachochukua watoto labda hakikusoma.”

Alicheka kidogo. Nami nikacheka, nikarudi darasani kwangu, na sikuweza kufundisha vizuri siku ile.

Aliendelea hivyo. Nilianza kuamini kwamba Bwana amejibu. Hata sauti yake ilianza kupanda. Watoto waliufanya mstari kuwa mchezo, kila mmoja akainama kichwa chake kiguswe, na msichana mdogo kuliko wote, Gicuku, alipenda kusimama mwisho kwa sababu namba ya mwisho ndiyo ilikuwa kubwa. Alikuwa akiirudia njia nzima hadi kwao. “Mimi ndiye wengi,” alimwambia kila aliyekutana naye.

Mvua ndefu zilikuja na surua. Ilipita Karurumo, ikapita Runyenjes, ikashuka hadi chini Mbeere. Ilichukua watoto wa nyumba ambazo hazijui nasari ni nini. Kwetu iliwaangusha wengi, na wengi wakainuka. Gicuku hakuinuka.

Mama yake Gicuku alikuja mwenyewe nyumbani kwa Mwalimu baada ya mazishi, kichwa kimefungwa kitambaa, kumwambia kwamba hakuna mtu nyumbani kwao aliyesema lolote. Nilikuwepo. Mwanamke aliyezika alimfariji mwalimu. Mwalimu alimshika mikono, akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi alichukua ufunguo wa kanisa kwenye msumari.

Hapo nilikasirika, na bado nakasirika nikikumbuka, ingawa sijui tena nimkasirikie nani.

“Kwani hapa ni nani hajazika mwezi huu?” nilimwambia. “Wale watoto wa kule chini, nani aliwahesabu?”

“Hakuna.”

“Basi?”

“Basi najua, Mwalimu. Kujua najua.” Aliutazama mkono wake wa kulia. “Ni huu ndio haujui. Kila nikilala unaguswa na zile nywele.”

Ufunguo aliupeleka kwa mchungaji siku ile ile. Yule ofisa, nasikia, alipopata habari alisikitika sana, akasema hakuwa na maana hiyo. Kanisa lilileta msichana aliyesomea kazi, mwenye chaki na michoro mizuri ya ukutani, na kufikia mwezi wake wa pili kazini watoto wote waliandika hadi ishirini. Wakija kwangu walishika kalamu sawasawa. Mabenchi hayakusukumwa tena ukutani. Nilikuwa na wakati mwingi wa kutazama kupitia tundu la ua, na hapakuwa na cha kutazama.

Yeye alihamia Kiambere, kwenye shamba ambalo marehemu mumewe aliliacha, akafuga mbuzi. Walioshuka huko walituambia amekauka kama watu wa joto, na kwamba mbuzi wake anawajua kwa sura, kila jioni anasimama zizini akiwatazama mmoja mmoja, na akikosekana mmoja anajua ni yupi. Watoto wa jirani walikuwa wakija kukaa naye. Hakuwafundisha kitu, walisema. Aliwatazama tu wakicheza.

Halafu habari zake zikawa habari za mazishi. Njiru alikufa barabarani, lori lilipopoteza breki kwenye mteremko, alikuwa hajaoa. Igoki alikufa kwa ule ugonjwa ambao miaka ile tuliuita kikohozi, na mtoto wake mchanga akamfuata kabla ya mwaka. Mazishi ya Igoki nilikwenda. Aliyesoma historia ya marehemu alisimama na karatasi yake akaanza, “Marehemu alikuwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto...” Mwalimu wa Nasari aliinua mkono kutoka alipokaa.

“Alikuwa mtoto wangu,” akasema. “Endelea.”

Yule mtu akaruka mstari, akaendelea. Nilitazama lile jeneza nikasema moyoni, hata leo? Hata sasa bado anaogopa, na Nyaga amebaki peke yake? Sikuelewa. Niliporudi Karurumo niliongeza maombi.

Nyaga ndiye aliyemtoa Kiambere mama yake alipozeeka, akamleta kukaa naye Embu mjini, mtaa wa Dallas, nyumba ya vyumba viwili. Hakuwa na mke wala mtoto. Alifanya kazi ghala la mbegu, na kila jioni, majirani waliniambia baadaye, aliketi na mama yake mlangoni wakila njugu karanga. Figo zilimshinda Nyaga. Alikaa hospitalini muda si mrefu.

Nilipata habari nimechelewa, mazishi yameshapita. Nilikwenda Dallas kumpa mama yake pole, nimestaafu na magoti yangu hayafai. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki ndani ya nyumba ya mwanawe, amekuwa mdogo, lakini macho ni yale yale. Alinijua mara moja. Aliniuliza kuhusu magoti yangu, na kuhusu tundu la ua. Nikamwambia walijenga ukuta wa mawe. Tulikaa tukashikana mikono.

Msichana wa nyumba ya pili aliingia na chupa ya chai. Alikuwa mke mpya wa mtu, amehamia juzi, mwenye adabu, na hakujua lolote. Alimimina vikombe, akakaa kwenye stuli, na kwa sababu ukimya ulimtisha akatafuta la kusema.

“Pole sana, cucu, bibi yangu. Mungu alikuwa amekupa watoto wangapi?”

Nilishtuka kana kwamba ni mimi niliyeulizwa. Nilifungua mdomo kumkatiza, nimwambie kwetu haliulizwi hivyo.

“Wanne,” akasema Mwalimu wa Nasari.

Akaweka kikombe chini. Akainua mkono wa kushoto, na kwa kidole cha mkono wa kulia akavigusa vidole kimoja kimoja, akihesabu kwa Kiembu, kwa sauti ya darasani ambayo ingefika hadi barabarani. Moja, Wawira. Mbili, Njiru. Tatu, Igoki. Nne, Nyaga. Hakuharakisha, na sauti haikushuka. Alivishika vile vidole vinne pamoja, akavionyesha kwa msichana, kama alivyowaonyesha watoto wa watu miaka yote.

“Huyu wa juzi ndiye wa mwisho,” akamwambia.

Msichana alisema pole tena, akatazama chai yake.

Mwalimu akanigeukia. “Usinitazame hivyo,” akasema. “Sasa naweza kuwahesabu. Hakuna aliyebaki wa kuchukuliwa.”

Nilikuwa nimemwomba Mungu miaka mingi mwanamke huyu aache kuogopa namba. Siku ile aliacha, na mimi nikalia mbele ya mtoto wa watu, chai ikapoa.